Maabara ya Umma Kama Chimbuko la Dawa: Elizabeth Hazen, Rachel Brown na Vita Dhidi ya Fangasi



Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazi ya mwanasayansi anayechunguza fangasi wanaowasababishia binadamu magonjwa. Ningeweza kuwapitisha kwenye orodha ndefu ya majina na tarehe, lakini nimeona ni heri nishike kisa kimoja nikichambue mpaka ndani. Kisa hicho ni cha Elizabeth Lee Hazen, mtaalamu wa vijidudu wa Marekani, na mwenzake Rachel Fuller Brown, mkemia. Hao ndio waliotupatia nistatini, dawa ambayo mama yeyote aliyewahi kuona utando mweupe kinywani mwa mwanawe huenda ameishika mkononi.

Hoja yangu naitanguliza, ili mnipime nayo hadi mwisho. Dawa hiyo ilitoka katika maabara ya idara ya afya ya serikali, iliyokuwa ikipokea makohozi, usaha na magamba ya ngozi kutoka kwa madaktari na kurudisha majibu. Kazi hiyo ya kila siku ndiyo iliyozaa ugunduzi. Nitasema kwamba nchi zetu zinazo maabara za namna hiyo, zinao watu wa namna hiyo, na tunawatumia kwa nusu ya uwezo wao.

Adui anayefanana nasi

Tuanze na ugumu wenyewe. Seli ya bakteria imejengwa tofauti sana na seli yetu. Penisilini huuvuruga ukuta wa bakteria, na kwa kuwa sisi hatuna ukuta wa namna hiyo, mgonjwa husalimika. Fangasi wametukaribia zaidi kimaumbile. Seli zao zina kiini kama zetu, na shughuli nyingi za ndani zinafanana na zetu. Sumu inayomwangamiza fangasi mara nyingi humwangamiza na mwenyeji wake.

Katika miaka ya 1940 ugumu huo ulijitokeza kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Penisilini na dawa zilizofuata ziliokoa maisha ya watu wengi mno. Lakini dawa hizo zilipowafagia bakteria wa kawaida wa kinywani, tumboni na ukeni, zilimwachia uwanja Candida albicans, fangasi anayeishi mwilini mwetu bila ghasia hadi apate nafasi. Mgonjwa aliponea nimonia akabaki na vidonda vya kinywa na utumbo visivyo na dawa. Katika miaka hiyo hiyo mapunye yaliyosababishwa na Microsporum audouinii yalienea kwa watoto wa shule katika miji ya Marekani. Tiba iliyotegemewa ilikuwa kunyonyoa nywele za mtoto kwa eksirei, njia iliyoanzishwa na daktari Raymond Sabouraud wa Paris mwaka 1904. Kwa wagonjwa ambao fangasi walikuwa wamefika kwenye ubongo au damu, daktari hakuwa na la kufanya.

Mwanamke wa maabara

Hazen alizaliwa mwaka 1885 katika jimbo la Mississippi. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo sana, akalelewa na jamaa zake. Alihitimu chuo cha umma cha wanawake katika jimbo hilo mwaka 1910, akafundisha sayansi shuleni, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika maabara za jeshi. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1927, akiwa amevuka miaka 40.

Mwaka 1931 aliajiriwa katika kitengo cha maabara na utafiti cha Idara ya Afya ya Jimbo la New York, tawi la jijini New York. Hapo alikuwa mpelelezi wa magonjwa. Alifuatilia mlipuko wa kimeta hadi akaufikisha kwenye kiwanda cha kutengeneza brashi. Alifuatilia sumu iliyoua watu hadi kwenye samaki wa kopo walioagizwa kutoka nje. Kila mara kazi ilikuwa ileile: sampuli inaletwa, mtaalamu anaikagua, anaitambua, kisha anauliza imetoka wapi.

Mwaka 1944 alipewa jukumu jipya la kushughulikia fangasi. Wanafunzi, naomba mlitie hili maanani: alikuwa anaelekea miaka 60, umri ambao wengi huanza kuhesabu siku za pensheni. Yeye alirudi darasani. Alikwenda kujifunza kwa Rhoda Benham, mmoja wa waasisi wa elimu ya fangasi wa tiba nchini Marekani, aliyekuwa na maabara yake Columbia. Akaanza kukusanya: kila fangasi aliyetoka kwa mgonjwa alimwotesha, akamwandikia kumbukumbu, akamhifadhi hai. Baada ya miaka michache alikuwa na hazina ya vimelea na slaidi ambayo madaktari wa jimbo zima waliweza kuitegemea. Mwaka 1955, akiwa na Frank Curtis Reed, alitoa kitabu cha kuwaelekeza watumishi wa maabara namna nyepesi ya kuwatambua fangasi hao.

Kutambua ni kazi gani hasa? Niwaonyeshe mfano mmoja. Mgonjwa ana utando mweupe kinywani. Unaupangusa kwa pamba, unaotesha kwenye kisahani, na baada ya siku mbili unapata makundi meupe, laini, yenye harufu ya hamira. Fangasi wengi wa jamii ya hamira wanafanana hivyo. Kwa macho huwezi kuapa ni yupi. Basi unachukua agari iliyotengenezwa kwa unga wa mahindi, chakula hafifu kinachomnyima fangasi shibe. Unakwaruza mstari mwembamba wa vimelea wako ndani yake, unafunika kwa kipande cha kioo, unaacha kwenye joto la kawaida la chumba. Baada ya siku mbili tatu unaweka chini ya darubini. Kama ni Candida albicans, utaona nyuzi ndefu, vishada vya seli kwenye maungio, na kwenye ncha za nyuzi mipira ya mviringo yenye ukuta mnene unaong'aa. Rhoda Benham ndiye aliyeonyesha thamani ya agari hiyo ya mahindi katika kumtambua fangasi huyu. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya mamilioni. Kinahitaji unga, subira, na jicho lililokwisha kuona mifano ya kutosha.

Jicho hilo ndilo mtaji wa taaluma hii. Halipatikani kwa kusoma tu. Hupatikana kwa kupokea sampuli nyingi za wagonjwa halisi, mwaka baada ya mwaka.

Udongo kwenye posta

Mwaka 1943 udongo ulikuwa umetoa streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaa dhidi ya kifua kikuu. Ilitokana na bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces. Hazen alijiuliza kama viumbe hao, wanaogombea chakula na fangasi ardhini tangu kale, hawana silaha dhidi ya fangasi pia. Alikuwa na fangasi wa kujaribia kwa sababu alikuwa amewakusanya kutoka kwa wagonjwa. Hakuwa na mkemia.

Mkemia alipatikana Albany, makao makuu ya kitengo hichohicho. Rachel Brown alizaliwa mwaka 1898 huko Massachusetts, akasomeshwa chuo cha Mount Holyoke na rafiki tajiri wa familia. Aliandika tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Chicago, lakini mtihani wa mdomo ulipocheleweshwa na fedha kumwishia, aliondoka mwaka 1926 akaajiriwa Albany. Shahada aliipata mwaka 1933 aliporudi kufanya mtihani huo. Kazini alikuwa hodari wa kuchambua kemia ya bakteria wa nimonia. Mwaka 1948 wakubwa wao waliwakutanisha.

Wahenga wametuambia kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa palikuwa na vidole viwili katika miji miwili iliyoachana zaidi ya kilomita 200. Kilichowaunganisha ni posta. Hazen alichukua udongo kutoka kila alikoweza kuupata, akaotesha viumbe waliomo, akawapambanisha mmoja mmoja na fangasi wawili wabaya: Candida albicans na Cryptococcus neoformans. Aliyeonekana kuwazuia alifungwa kwenye chupa na kutumwa Albany. Brown alimwotesha kwa wingi, akachuja, akaloweka kwenye vimumunyisho mbalimbali, akatenga kila kijenzi, kisha akarudisha New York chembe aliyodhani ndiyo inayofanya kazi. Hazen aliijaribu tena kwenye fangasi. Ikiwaua, aliijaribu kwenye panya. Na hapo ndipo matumaini mengi yalipokatika, maana nyingi za dawa hizo ziliwaua fangasi na panya pia.

Udongo uliowapa walichokitafuta ulitoka kwenye shamba la familia ya Nourse, rafiki zake Hazen, katika jimbo la Virginia. Ndani yake mlikuwa na kiumbe ambaye hakuwa amewahi kuelezwa, naye akaitwa Streptomyces noursei. Kemikali yake iliwaua fangasi wote wawili, na panya wakabaki hai. Walitangaza matokeo yao mwaka 1950. Hazen alikuwa na miaka 65. Dawa waliipa jina kwa heshima ya Jimbo la New York, mwajiri wao.

Baadaye ilifahamika inavyofanya kazi. Ngozi ya nje ya seli ya fangasi ina mafuta yanayoitwa ergosteroli; ya kwetu ina kolesteroli. Nistatini huyashika zaidi yale ya fangasi na kutoboa vitundu, chumvi za ndani zikavuja, seli ikafa. Tofauti ndogo kati ya mafuta mawili ndiyo mwanya ambao udongo wa Virginia ulikuwa umeugundua zamani.

Dawa hii ina mipaka yake. Ikimezwa, karibu yote hubaki tumboni bila kuingia kwenye damu, na kwa sindano ni kali mno. Lakini kinywa, utumbo, ngozi na uke ndipo hasa palipokuwa na uhitaji. Kampuni ya Squibb iliitoa kwa vidonge mwaka 1954. Ilitumika hata nje ya tiba: baada ya mafuriko ya Florence mwaka 1966, michoro ya kale iliyoanza kuota ukungu ilitibiwa kwa nistatini.

Fedha ilikokwenda

Hataza ilitolewa mwaka 1957, nayo ilileta mrabaha wa zaidi ya dola milioni 13 hadi ilipomalizika muda wake mwaka 1974. Wanawake hawa wawili, waliokuwa wakiishi kwa mishahara ya serikali, hawakuchukua hata senti. Nusu ya fedha ilikwenda kwa shirika la Research Corporation kusaidia utafiti wa sayansi kwa ujumla. Nusu nyingine iliunda Mfuko wa Brown na Hazen, ambao ulisomesha watafiti na kugharimia kazi za elimu ya viumbe hai, na hasa elimu ya fangasi wa tiba, wakati ambapo fani hiyo ilikuwa na wafadhili wachache mno.

Naomba tusilipite hili kama hadithi ya ukarimu tu. Lilikuwa uamuzi wa kitaaluma. Hazen alijua kwamba dawa moja haimalizi fangasi. Alijua pia kwamba watu wanaoweza kuwatambua walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo fedha ya dawa ikarudishwa kuzalisha watu. Hazen alifariki mwaka 1975, Brown mwaka 1980. Kizazi kizima cha walimu wa fani hii Marekani kilipita katika mlango waliouacha wazi.

Kwetu Afrika Mashariki

Sasa turudi nyumbani. Nistatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kabla dawa za kufubaza VVU hazijaenea, utando wa kinywani ulikuwa moja ya dalili ambazo wauguzi wetu walizitambua mapema kwa wagonjwa wa UKIMWI.

Lakini fangasi wa pili wa Hazen, Cryptococcus neoformans, ndiye anayetuua zaidi. Tunamvuta kwa pumzi kutoka kwenye vumbi la udongo na kinyesi cha ndege. Kinga ya mwili inaposhuka, hupenya hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yanampa asilimia 19 ya vifo vyote vitokanavyo na UKIMWI duniani, na mzigo mkubwa uko kusini mwa Sahara. Nistatini humuua kwenye kisahani, lakini haiwezi kumfuata ubongoni. Anayemfuata huko ni ndugu yake nistatini, amfoterisini B, iliyotokana na udongo wa kando ya mto Orinoco nchini Venezuela.

Katika ugonjwa huu, ujuzi ambao dunia inautumia leo umetoka kwa sehemu kubwa kwenye hospitali na maabara zetu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka. Wagonjwa wa VVU waliochelewa kuanza matibabu walipimwa damu kutafuta alama za fangasi huyu kabla hajafika ubongoni, na kwa majuma ya mwanzo walitembelewa nyumbani na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Mwaka 2018 utafiti uliozihusisha Tanzania, Malawi, Zambia na Kameruni ulionyesha kwamba juma moja la amfoterisini pamoja na flusitosini, dawa nyingine ya fangasi, hutosha mahali pa majuma mawili ya awali. Mwaka 2022 utafiti wa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, wenye wagonjwa zaidi ya 800, ulithibitisha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, ikifuatiwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, haizidiwi na tiba ya zamani, na madhara yake ni machache. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliifanya kuwa tiba inayopendekezwa.

Nyuma ya matokeo hayo kuna mtu ambaye magazeti hayakumtaja. Ili kujua kama dawa inaua fangasi haraka, mtaalamu wa maabara hupokea maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa siku ya kwanza, na tena siku chache baadaye. Huyapunguza makali hatua kwa hatua kwa maji safi, huyamwaga kwa kipimo kwenye visahani vya agari yenye jina la Sabouraud, huvifunga, husubiri siku kadhaa, kisha hukaa chini na kuhesabu kundi moja moja jeupe lililoota. Hesabu ya mwanzo ikilinganishwa na ya baadaye inaonyesha kasi ya fangasi kufa. Hiyo ndiyo kazi ya Hazen, ikifanywa na vijana wetu, na miongozo ya dunia imebadilika kwa sababu walihesabu kwa uaminifu.

Kazi haijaisha. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wanaopaswa kupewa kipaumbele: 19 kwa jumla, wanne kati yao katika daraja la juu kabisa. Wawili ni walewale wa meza ya Hazen. Mmoja ni Aspergillus fumigatus, anayeshambulia mapafu. Wa nne ni Candida auris, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 nchini Japani. Huyu hung'ang'ania vitanda na vifaa vya wodini, hupita kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, na mara nyingi flukonazoli haimuwezi. Ameshapatikana Kenya. Vipimo vingi vya kawaida vya maabara vimewahi kumpa jina la fangasi mwingine. Asipotambuliwa, mgonjwa hupewa dawa isiyomfaa na wodi haifungwi ili isafishwe. Hapo tofauti ya kupona na kufa imo katika jicho la mtu wa maabara.

Tunachopaswa kufanya

Ndugu zangu, kwa kisa hiki natoa mapendekezo matatu.

Kwanza, kila maabara ya hospitali ya rufaa iwe na hazina ya fangasi hai waliotoka kwa wagonjwa, yenye kumbukumbu safi. Leo wengi wao hutupwa majibu yakishaandikwa. Kila mmoja anayetupwa ni ushahidi wa usugu wa dawa unaopotea, na ni fangasi ambaye mtafiti wa dawa mpya angemhitaji kesho.

Pili, mtaalamu wa maabara apewe saa za utafiti ndani ya saa zake za kazi, zilizoandikwa kwenye mkataba. Idara ya Afya ya New York iliweka neno utafiti katika jina la kitengo chake, ikaliheshimu. Hazen na Brown hawakugundua dawa kwa kuiba muda wa usiku.

Tatu, tuwakutanishe watu. Vyuo vyetu vina wakemia wanaochambua mitishamba na udongo, hospitali zetu zina fangasi sugu, na kati yao hakuna hata posta. Brown na Hazen walikutanishwa na viongozi waliojua nani anahitaji nani. Wakuu wa idara mliomo humu ndani, hilo ni jukumu lenu, wala halihitaji bajeti mpya.

Kwenu wanafunzi: taaluma hii haina umaarufu wa upasuaji wa moyo, na wahitimu wake ni wachache. Uchache huo ndio unaowafanya muhimu. Msikimbie meza ya sampuli mkidhani sayansi iko mahali pengine. Jifunzeni kutambua, hifadhini mnachokitambua, ulizeni kimetoka wapi, na tafuteni mwenzenu mwenye ujuzi msiokuwa nao. Na siku kazi yenu itakapoleta faida, somesheni wengine kwa faida hiyo.

Na kwenu mnaopanga mishahara na vifaa: mtu anayekaa kwenye darubini leo katika hospitali zetu za rufaa tayari anatoa huduma. Mpeni nafasi ya kuuliza maswali, na Afrika Mashariki itachangia dawa kama ilivyokwisha kuchangia miongozo ya tiba.